Historia ya kioo cha skana, na karatasi za Molo

Wasomaji wangu, leo naweka kando mambo ya misimbo na hifadhidata nizungumzie mashine ambayo sisi watengeneza programu huidharau: skana bapa, ile yenye kioo na kifuniko, ambayo hukaa kando ya printa katika kila saiba ikikusanya vumbi. Nataka kuieleza historia yake nikiitazama kutoka Molo, kule juu karibu na msitu wa Mau, kwa sababu huo ni mji uliojifunza kwa uchungu thamani ya karatasi.

Basi tuanze na hizo karatasi. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilipita hapo, kati ya Elburgon na Mau Summit, na walowezi wakafuata reli. Wakafuga kondoo, baadaye wakalima pareto. Uhuru ulipokuja, mashamba yale makubwa yakaanza kugawanywa. Mengine yalipitia miradi ya serikali, mengine yakanunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika, wananchi wakichanga kidogo kidogo. Mtu aliyechanga alipewa risiti. Baadaye cheti cha hisa. Baadaye kikaratasi cha kura kilichoonyesha ni kipande gani kimemwangukia. Hatimiliki ilikuja baada ya miaka mingi, na wapo ambao haikuwafikia kabisa. Karatasi hizo hazikukaa benki. Zilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, au zilikunjwa mara nne zikatiwa ndani ya Biblia, au zikafungwa kwenye mfuko wa nailoni na kusokomezwa darini pamoja na moshi wa jikoni.

Kisha ukaja moto. Mwaka 1992 Molo na Olenguruone zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi katika mapigano ya wakati ule. Kamati ya bunge chini ya Kennedy Kiliku ikachunguza mwaka huo huo, na tume ya Jaji Akiwumi ikachunguza tena kuanzia 1998. Mwishoni mwa 2007, hata kabla ya kura za Desemba 27, nyumba za Kuresoi na Molo zilikuwa zishaanza kuchomwa. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima katika ghasia za baada ya uchaguzi ule. Sitaki kulinganisha maisha ya mtu na kipande cha karatasi. Lakini aliyeokoka na kurudi kwenye jivu alikuwa na swali la pili mkononi: nitaonyesha nini kwamba hapa ni kwangu?

Kwa mwenye hatimiliki sheria ina njia. Rejista ya ofisi ya ardhi ndiyo yenye nguvu, cheti ulichonacho nyumbani ni ushahidi wa kilichoandikwa mle. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 33, msajili anaweza kutoa hati nyingine baada ya kutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali, na matangazo hayo kwa kawaida hutoa siku 60 kwa mwenye pingamizi. Gazeti hilo lilianza mwaka 1899, na matoleo yake ya zamani leo yanasomeka kwenye Google Books. Andika jina la sehemu ya usajili, mathalani Molo South, uone hati zilizopotea zikipangana ukurasa baada ya ukurasa. (Magazeti hayo yaliweza kutafutika hivi kwa sababu yalipigwa picha na kusomwa na kompyuta. Nitafika huko.) Ila ili uanze safari hiyo unahitaji namba ya kipande chako, na namba ilikuwa kwenye karatasi iliyoungua. Na kwa mwenye risiti na cheti cha hisa pekee, hali ni ngumu zaidi: kampuni nyingine zilishakufa na vitabu vyao havijulikani viliko. Kwake nakala ndiyo kila kitu.

Hapo ndipo skana inapoingia. Asili yake iko mbali na mambo ya mashamba. Mwaka 1957, katika ofisi ya vipimo na viwango ya serikali ya Marekani, mhandisi Russell Kirsch na wenzake walitengeneza kifaa cha kuingiza picha kwenye kompyuta yao iliyoitwa SEAC. Haikuwa skana bapa. Picha ilizungushwa juu ya pipa, jicho la umeme likaisoma mstari kwa mstari. Picha ya kwanza ilikuwa ya mtoto wake Walden, mwenye umri wa miezi mitatu, yenye upana wa pikseli 176 na urefu wa 176. Kila pikseli ilikuwa biti moja tu: nyeusi au nyeupe. Ukiweka kizingiti, kila kilicho chini yake ni cheusi na kilicho juu yake ni cheupe, hakuna kijivu. Kirsch mwenyewe aliona upungufu huo mara moja, ndiyo maana waliisoma picha mara kadhaa kwa vizingiti tofauti na kuunganisha matokeo ili kupata kijivu. Shikilia jambo hili la biti moja, maana ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs walibuni CCD, kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa chaji za umeme zinazohesabika. Mwaka 1976 Ray Kurzweil akaonyesha mashine ya kuwasomea vipofu vitabu: unalaza ukurasa kwenye kioo, CCD inausoma, programu inatambua herufi, sauti ya mashine inazitamka. Kioo bapa tunachokijua leo kimepita mikononi mwa vipofu, jambo ambalo watu wengi hawalijui.

Miaka ya 1990 skana zilishuka bei hadi zikafika madukani kwetu. Mwaka 1992 ulileta kanuni ya TWAIN, ili programu yoyote iweze kuongea na skana yoyote, na mwaka huo huo kanuni ya JPEG ikakamilika. Kuifunga mashine kwenye kompyuta kulikuwa mateso. Nyingi zilitumia mlango ule ule wa printa, printa ikichomekwa nyuma ya skana kama behewa nyuma ya behewa, na ukitaka kuchapisha skana ikiwa imezimwa, bahati yako. Chini ya mashine kulikuwa na kifungo cha kufunga mkono wa taa usitikisike safarini. Ukisahau kukifungua, injini inaguna na kusaga meno. Nadhani mafundi wa zama zile waliitwa kwa sababu ya kifungo hicho kuliko kwa jambo lingine lolote. USB iliondoa mengi ya hayo.

Tatizo kubwa lilikuwa ukubwa wa faili. Piga hesabu nami. Ukurasa wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kwa rangi, kila pikseli baiti tatu, unapata megabaiti 26. Diski laini ilibeba megabaiti 1.44, kwa hiyo ukurasa mmoja ulihitaji diski 18. Kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, laini ikiwa nzuri tangu mwanzo hadi mwisho (na nani aliwahi kuiona laini hiyo?), ungesubiri zaidi ya saa nzima. Lakini ukichagua nyeusi na nyeupe, biti moja kwa pikseli, ukurasa ule ule unakuwa megabaiti 1.09. Unaingia kwenye diski moja.

Umeona mtego ulipo? Mhudumu wa saiba alichagua nyeusi na nyeupe, na alikuwa na haki. Mteja alitaka cheti cha shule kifike kwa mwajiri, hakutaka kumbukumbu ya miaka hamsini. Mazoea hayo yakabaki hata nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika mwaka 2009 na kasi ikapanda. Risiti ya mwaka 1974 ikalazwa kwenye kioo na kusomwa kwa kizingiti kimoja, kama picha ya Walden. Muhuri wa zambarau uliofifia ukaangukia upande wa nyeupe ukatoweka. Doa la chai likaangukia upande wa nyeusi likafunika namba. Sahihi ya wino wa buluu, inayoonyesha kwamba mtu alishika kalamu akaandika, ikafanana na herufi za taipureta. Nakala ipo, lakini vile ambavyo mpinzani angebishania havimo.

Kuna baya zaidi, na hili ni kosa la watu wa kazi yangu. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta Mjerumani, David Kriesel, aligundua kwamba mashine fulani za Xerox za kunakili na kuskani zilikuwa zinabadilisha tarakimu. Katika mchoro wa nyumba, vyumba vya ukubwa tofauti vyote viliandikwa mita za mraba 14.13. Ili kubana faili, programu ilitafuta vipande vya picha vinavyofanana, ikahifadhi kimoja na kukirudia kila mahali. Sita iliyochakaa ikafanana na nane, basi ikawa nane, safi na inayosomeka. Xerox ilitoa marekebisho. Lakini hebu fikiria hilo kwenye namba ya shamba: kipande cha 618 kinakuwa 818, na hakuna ukungu wowote wa kukutia shaka. Afadhali nakala chafu inayosema kweli.

Kwa hiyo ukiwa na karatasi ya aina hii, skani kwa rangi, nukta 300 au 600, hifadhi kama TIFF au PNG, na zima kila kisanduku kinachoahidi kusafisha, kung'arisha au kunyoosha. Acha kingo za karatasi zionekane zote. Skani na upande wa nyuma, kwa sababu huko ndiko karani alikoandika kwa kalamu kwamba awamu ya pili imelipwa.

Mashine ipi? Hapa skana za zamani zina faida isiyotarajiwa. Skana nyembamba zinazojiendesha kwa umeme wa USB hutumia kihisi kinachogusana karibu kabisa na kioo, na kitu kikiinuka milimita chache tu juu ya kioo kinapoteza makali. Karatasi iliyokunjwa mara nne kwa miaka thelathini haitulii, mikunjo inainuka. Skana nzito za CCD, zenye vioo vya ndani na lenzi, huona kina zaidi na mikunjo hubaki kusomeka. Usiibane karatasi kwa nguvu ili uinyooshe, itakatika. Na usithubutu kuipitisha kwenye mashine inayovuta karatasi yenyewe.

Skana za CCD za miaka ile zina taa ya mirija, na taa hiyo haipendi baridi. Molo iko mita zipatazo 2,500 juu ya bahari, na asubuhi ya Julai huko si mchezo. Kabla ya kusoma, skana hutazama ukanda mweupe uliofichwa chini ya ukingo wa kioo ili ijue weupe ni upi. Taa ikiwa haijapata joto, kipimo hicho kinakuwa cha uongo, na ukurasa unaanza na rangi moja unamalizika na nyingine. Washa mashine, kunywa chai, skani ukurasa usiohitaji, ndipo uanze.

Nakala hiyo ina uzito gani? Tangu 2009 Sheria ya Ushahidi ya Kenya ina kifungu cha 106B kinachokubali rekodi za kielektroniki mahakamani, pamoja na cheti kinachoeleza zilivyotengenezwa na kwa kifaa gani. Haigeuzi skani kuwa hatimiliki. Ila andika kwenye daftari tarehe, mashine na aliyeiendesha. Serikali nayo imekuwa ikiingiza rejista zake kwenye kompyuta. Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi, na mafaili ya zamani yanapoingizwa, swali la kizingiti na tarakimu linawahusu makarani vile vile.

Mtaniambia simu inatosha siku hizi. Inatosha kwa mengi. Lakini angalia programu nyingi za simu za kuskani: ukipiga picha tu, zinapausha karatasi iwe nyeupe pe na herufi nyeusi ti. Ni kizingiti kile kile cha 1957, kimerudi kimevaa suti. Tafuta mahali pa kukizima.

Na ile skana nzito iliyotupwa stoo kwa sababu draiva yake iliishia na Windows XP? Ijaribu kwenye Linux kabla ya kuiuza kwa kilo. Mradi wa SANE, ulioanza miaka ya 1990, bado unaendesha nyingi kati ya hizo. Chomeka, fungua terminali, andika scanimage -L. Jina lake likitokea, futa kioo kwa kitambaa kikavu na umwambie shosho alete lile sanduku la bati.