Sufuria mbili: namna mapishi ya nyumbani yalivyokuwa kazi katika Luvungi

Siku hizi katika Luvungi, mtu akitaka kuoza mtoto wake, mara nyingi anatafuta mama mpishi hata kabla ya kutafuta viti. Wanaketi uani, wanahesabu wageni, wanapatana bei ya wali, sombe, mukeke na nyama, halafu anaacha avansi. Vijana wanafikiri kazi hii imetoka mjini. Wazee wengine wanasema imeharibu mila, kwa maana zamani chakula kilikuwa hakiuzwi. Mimi ninafundisha historia, tena nimesoma kwa feza ya sufuria ya mama yangu. Naona pande zote mbili zimeshika nusu tu ya ukweli.

1. Chakula kisichohesabiwa

Wazee wa Bafuliiru walitueleza kwamba penye ndoa au matanga, wanawake wa ukoo walikuja kila mmoja na kitu chake: unga, maharagi, kuni, kasiksi. Mama mkubwa wa nyumba aligawa kazi. Huyu sombe, yule bugali, wasichana maji. Hakuna aliyelipwa. Lakini tusidanganyike, hesabu ilikuwapo. Aliyekuja kwako leo, kesho ulipaswa kwenda kwake, na asiyekwenda alijulikana. Kibichi kilipelekwa sokoni, kilichopikwa kiligawiwa. Kuuza chakula kilichoiva ilikuwa haya.

Kazi hiyo ya bure ilikuwa masomo pia. Msichana alijifunza kuloweka mihogo michungu siku kadhaa mpaka ilainike, kuianika, kisha kuitwanga. Kuloweka huko ndiko kunapunguza sumu ya mihogo. Kule Bandundu, watu waliopunguza siku za kuloweka walipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu. Mama zetu hawakusoma kemia, lakini walijua siku ngapi zinatosha.

Tena mila yenyewe ilisafiri. Mihogo, mahindi na maharagi vilitoka Amerika. Mihogo na mahindi vililetwa na Wareno tangu karne ya 16. Mpunga uliletwa Maniema, upande wa Nyangwe na Kasongo, na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu katika karne ya 19. Hapa katika bonde la Ruzizi, kilimo cha mpunga na pamba kilisukumwa na Wabelgiji wakati wa ukoloni. Kwa hiyo sahani tunayoiita ya asili imepita njia nyingi kabla ya kufika kwetu.

2. Njia kuu na mshahara uliokufa

Luvungi iko kwenye njia ya Uvira na Bukavu. Madereva walioshuka mlima wa Ngomo walifika Kamanyola na hapa wakiwa na njaa, na ndagala na mukeke wa ziwa walipandishwa kutoka Uvira kwa njia hiyo hiyo. Akina mama waliweka babula pembeni, wakauza mandazi na bugali. Mpita njia si ndugu wa ukoo, basi haya ya kumuuzia ilipungua. Hata methali inasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Lakini kupikia sherehe kwa malipo kulikua hasa mshahara ulipokufa. Septemba 1991 askari waliokosa mishahara walipora Kinshasa na miji mingine. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1996 vita ikafika Uvira na bonde lote, na kiwanda cha sukari cha Kiliba kikasimama. Walimu waliishi kwa mchango wa wazazi, na masomo ya msingi ya bure yalianza kutekelezwa Septemba 2019 tu. Katika miaka ile, nyumba nyingi za makarani na walimu zilishikwa na mama.

Baba yangu alikuwa karani, na mshahara wake haukununua hata chumvi ya mwezi. Mama alichukua alichofundishwa na mama yake: sombe ya mawese na ndagala, na wali usioshikana. Akaanza kupikia vikao na ubatizo. Hakuweka faida katika noti. Wakati wa mavuno alinunua mpunga, akauweka ndani, akautwanga kidogo kidogo kadiri ya oda. Alisema, "Feza inaoza mbele ya mpunga." Katika miaka ile alikuwa na haki.

3. Ndoa ya ndugu

Mila iliyomfundisha kupika, hiyo hiyo karibu imwangushe. Ndugu mmoja wa upande wa baba aliomba chakula cha ndoa, watu wengi, akasema, "Tutalipa kisha, sisi ni nyumba moja." Mama angekataa namna gani? Alitoa mpunga wote, akakopa mafuta na samaki. Ndoa ilipendeza, wakamsifu sana. Malipo hayakuja. Alipouliza, aliambiwa anauza undugu. Mimi nilikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa feza ya masomo.

Kilichomwinua ni likelemba. Akina mama kumi walichanga kila juma na kumpa mmoja kwa zamu. Zamu yake ilipofika, alinunua sufuria ya pili, akatuita sote mbele ya baba. Akasema, "Hii ndogo ni ya ndugu, haihesabiwe. Hii kubwa ni ya kazi, nusu inalipwa mbele, hata akiwa mukwe wangu." Tangu siku hiyo, ndugu akiwa na ndoa, mama alileta sahani zake kutoka sufuria ndogo kama zawadi. Mengine yaliandikwa katika daftari.

Wengine walimwita mchoyo. Mimi naona aliirudisha mila mahali pake. Zamani ukoo ulisaidia kwa sababu kila nyumba ilikuwa na shamba na zamu ilirudi. Mmoja anapotoa daima na wengine kupokea tu, hiyo si mila tena.

4. Kalamu ya bwana

Kulikuwa na kizuizi kingine. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, kifungu cha 448, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kwa tendo lolote la kisheria la kujifunga kufanya kazi yeye mwenyewe. Mama alipopata oda ya kupikia semina, baba ndiye aliyetia sahihi. Baba yangu hakumzuia, lakini si kila nyumba ilikuwa hivyo. Masharti hayo yaliondolewa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Wanawake wengi bado hawajasikia habari hiyo, na ni kazi yetu sisi tuliosoma kuwaambia.

5. Kinachobebwa

Desemba 2025 vita ilifika tena Luvungi, na watu wengi wakavuka Ruzizi kwenda Burundi. Dada yangu, aliyerithi kazi, aliacha sufuria kubwa na magunia. Alibeba watoto, nguo na daftari la mama. Ndani yake mna vipimo vya mchele kwa watu hamsini, siku za kuloweka mihogo, majina ya wenye deni. Sufuria zinaweza kununuliwa tena. Vipimo vile, kama vingekuwa katika kichwa cha mama peke yake, tungevizika pamoja naye.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kila mmoja wetu akae na mama au nyanya yake, aandike anavyopika na anavyopima. Na walimu wenzangu, tunapofundisha hesabu, tuchukue mfano wa sufuria: bei ya mchele, makala, mafuta, kazi ya mikono, faida. Mtoto akijua kutenganisha sufuria mbili, atalisha ndugu zake na biashara yake itasimama.