Kura ya Kidonge

Katika landhi za reli, nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Muthurwa, Nairobi, ugonjwa uliotutisha utotoni ulikuwa TB. Chumba kimoja kililaza familia nzima, mabomba na vyoo vilikuwa vya pamoja, na mtu akikohoa usiku majirani wa pande zote mbili walimsikia. Wale waliobaki ni wazee sasa, na kwa kuwa nilikuwa muuguzi huniuliza habari za sukari: daktari anajuaje kwamba kidonge hiki kinasaidia?

Jibu lilipitia kwenye TB kwanza. Mwaka 1948 Waingereza walichapisha jaribio la streptomaisini ambamo mwanatakwimu Austin Bradford Hill aliacha kura iamue nani apewe dawa, kura yenyewe ikiwa imefichwa ndani ya bahasha. Daktari akichagua mwenyewe, huenda akampa dawa mwenye nafuu, au aliye hoi anayemwonea huruma. Basi hutajua kama ni dawa iliyoponya au ni uteuzi. Mtindo huo ukafika kwetu. Watafiti wa Afrika Mashariki na wenzao wa Uingereza waliwagawa wagonjwa kwa kura, na jaribio lao lililochapishwa mwaka 1972 likaonyesha kwamba tiba ya miezi sita yenye rifampisini inaweza kufanya kazi ya mwaka mmoja na nusu. Dunia nzima ilinufaika na wagonjwa wetu. Najivunia hilo, na ninasikitika kwamba halisimuliwi.

Sukari ilijaribiwa kwingine. Kuanzia 1961, jaribio la UGDP huko Marekani lilipima tolbutamidi, kidonge cha kushusha sukari. Sukari kwenye damu ilishuka. Lakini vifo vilipohesabiwa, watu 26 kati ya 204 waliopewa tolbutamidi walikuwa wamekufa kwa maradhi ya moyo na mishipa. Kati ya 205 waliopewa kidonge kisicho na dawa, waliokufa hivyo walikuwa 10. Matokeo yalipotoka mwaka 1970, ugomvi ukazuka na kudumu kwa miaka mingi. Wapinzani walidai kura ilikuwa imewapangia tolbutamidi wagonjwa waliokuwa na hali mbaya tangu mwanzo. Hoja hiyo ilistahili kujibiwa, kwani kura huwa haisawazishi kila kitu katika kundi dogo. Hata hivyo jambo moja lilibaki wazi: mashine ya kupimia sukari haiwezi kukuambia nani atakuwa hai baada ya miaka kumi.

Ndiyo maana naipenda hesabu ya UKPDS, jaribio la sukari lililoanza Uingereza mwaka 1977 na kutoa matokeo 1998. Watu 342 wenye uzito mkubwa walipewa metformini, wakalinganishwa na 411 waliotibiwa hasa kwa mpango wa chakula, kwa takriban miaka kumi. Waliokufa kwa sababu yoyote walipungua kwa asilimia 36. Kidonge hicho ndicho kilichomo mkobani mwa mama anayeuza mitumba hapa sokoni, anayenywa chai na chapati saa nne, amesimama, kisha anarudi kuinua robota. Kilipimwa Uingereza, lakini siamini kwamba mwili wake unakikataa. Nataka tu naye ahesabiwe.

Dar es Salaam wameanza: watu wenye VVU ambao sukari yao imeanza kupanda wamegawanywa kwa kura, wengine metformini, wengine kidonge kisicho na dawa, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapata nini. Jaribio kama hilo likija hapa kwetu Eastlands, nitaketi na majirani zangu tuisome fomu ya ridhaa mstari kwa mstari, hasa pale panaposema kwamba huenda kidonge utakachopewa kisiwe na dawa ndani.