Kamera ya 7D mpya: tungoje au tununue iliyopo?

Agosti 2014

Baada ya Idi nilipanda mpaka Sagana kuwapiga picha vijana wa chuo waliokwenda kushuka mtoni kwa mashua za mpira. Mto wenyewe ni Tana, huu huu wetu unaoingia baharini Kipini, ila huku juu wenyeji wauita Sagana, na maji yake yana hasira usiyoweza kuidhania ukiuona ulivyotulia kule chini Garsen. Asubuhi baridi ilikuwa kali na mawingu yamelala juu ya miti. Kwa sisi tuliozoea jua la Pwani, mwanga ule ni kama wa Magharibi.

Juu ya mwamba nilimkuta kijana ambaye kila wikendi huwauzia watalii picha zao. Kamera yake ni Canon 7D, na yangu ni hiyo hiyo. Akaniuliza, "Ustadh, ninunue 70D sasa ama ningoje 7D mpya?" Wengi mumeniuliza swali hilo, basi nalijibu hapa.

7D ilitangazwa Septemba 2009, na hadi leo haijapata mrithi. Mwezi ujao, tarehe 16 hadi 21, kuna maonyesho ya Photokina mjini Cologne, Ujerumani, na wapigapicha wengi wanatarajia kamera mpya itangazwe karibu na siku hizo. Canon wenyewe hawajasema neno. Kwa hivyo ninayosema juu ya kamera mpya ni matarajio tu, nikipima kwa vitu ambavyo Canon tayari wanavyo kwenye kamera zao nyingine.

Tuanze na kasi. 7D hupiga picha 8 kwa sekunde. Mashua ikianguka kwenye poromoko, tukio lote huisha kwa sekunde mbili tatu, na haitarudi juu kwa ajili yako. Ukipiga kwa RAW, kamera ilikuwa ikijaa baada ya picha 15. Programu mpya ya ndani iliyotolewa mwaka 2012, bila malipo, ilifikisha 25, yaani sekunde tatu hivi. Yule kijana hakuwa na habari, na kamera yake ilikuwa bado na programu ya zamani! Kabla hujatoa hata shilingi, angalia hilo kwanza. Kwa kamera mpya, picha 10 kwa sekunde zingetosha, mradi isijae haraka.

Fokasi ndiyo yenye maneno mengi. 7D ina nukta 19, nzuri zote, lakini zimekusanyika katikati. Mtu wa kayaki akitokea pembeni mwa fremu huna nukta ya kumshika. 5D Mark III na 1D X zina nukta 61. Wakileta mfumo wa aina hiyo kwenye kihisi kidogo cha 7D, nukta zitaenea karibu fremu nzima, na hilo peke yake lingemfaa mtu wa michezo. 70D ya mwaka jana ilibaki na nukta 19, ingawa ina ufundi mpya wa kufokasi kupitia kihisi chenyewe, unaofaa sana kwa video.

Kihisi hicho kidogo, wengine hukidharau. Mimi sikidharau, kwani lenzi ya milimita 200 hukupa mwono wa kama 320, na pale Sagana mashua hupita upande wa pili wa mto. Udhaifu wake ni gizani. Kwa mwanga ule nililazimika kupanda ISO 3200, na nyuso za watoto wa watu zikatoka na chembechembe kama zimenyunyiziwa mchanga. Hapa natarajia nafuu kiasi, si muujiza. Megapikseli zikitoka 18 zikawa 20 au 24, sawa. Albamu zetu za harusi hazijawahi kulalamikia 18.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Mwaka juzi nilipiga akdi ya binti wa jamaa yangu, na kadi ikafa kabla sijafika nyumbani. Sikupata hata picha moja. Babake bibi harusi alinisamehe kwa ulimi, lakini mpaka leo tukikutana msikitini huniuliza hali na kupita upesi. 7D ina nafasi ya kadi moja tu. 5D Mark III ina mbili, na kila picha inaweza kuandikwa kote kuwili. Hata Nikon D300s ya mwaka 2009 inazo mbili. Kama kamera mpya itakuja na nafasi moja, kwangu mimi haijaja.

Wi-Fi iliyo kwenye 70D ingemsaidia kijana wa Sagana kumwonyesha mteja picha kwenye simu kabla hajapanda matatu. Kwa harusi, naweza kuishi bila hiyo.

Bei? 7D ilianza kwa dola 1,699 huko Marekani, ambazo leo ni kama shilingi 150,000, na hapo hujahesabu ushuru na faida ya muuza duka. Mpya sidhani itakuwa chini ya hapo. Anayepiga video, au anayeanza leo, achukue 70D, asingoje. Mwenye 7D nzima, avumilie mpaka Septemba: ikitoka mpya, zilizotumika zitashuka bei, na hata kama hutaki mpya utapata mwili wa pili kwa nafuu.

Zamu yangu ya chama ni Septemba hiyo hiyo. Kijana wa Sagana ameshaniwekea miadi ya 7D yangu ikiwa nitaiuza, kwa sharti nimhesabie kwanza shata yake imefunguka mara ngapi. Canon waliikadiria mara 150,000. Sijathubutu kuangalia.