Kutoka Kabaa Hadi Kwaya Yetu: Shule za Misheni na Swali la Karo



Vitabu vya jubilei huwataja mapadri, walimu wa kwaya na wafadhili, nasi tumewataja katika kurasa zilizotangulia. Ukurasa huu tumeuweka kwa ajili ya mahali ambapo wengi wetu tulijifunza kushika sauti yetu bila kumezwa na ya jirani: shule za sekondari za Kikatoliki. Tumechagua historia ya shule moja iliyoanza ikiwa ndogo, kwa sababu inagusa uamuzi ulio mbele yetu katika sherehe hii.

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka 1863. Mwaka 1868 walianzisha misheni Bagamoyo, na mwaka 1899 wakafungua misheni ya St. Austin's, Nairobi. Katika misheni hizo watu walifundishwa katekisimu, kusoma, kuandika na kazi za mikono. Lakini kwa kijana Mwafrika katika Kenya ya mkoloni, elimu ya sekondari ilikuwa bado ndoto.

Mwaka 1925 Padri Michael Witte, Mholanzi wa shirika hilo, alianzisha shule Kabaa, katika nchi ya Wakamba. Mwaka uliofuata makanisa ya Kiprotestanti yakafungua Alliance kule Kikuyu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 shule ya Kabaa ilihamishiwa Mang'u, na kwa muda ikajulikana kama Holy Ghost College. Leo Mang'u ni shule kubwa ya kitaifa, na kaulimbiu yake bado ni ya Kiswahili: Jishinde Ushinde. Wana-Mang'u walio miongoni mwetu hawahitaji kukumbushwa.

Maisha katika shule za misheni za wakati ule hayakuwa ya starehe. Siku ilianza kwa sala na kengele ndiyo iliyotawala. Baada ya darasa kulikuwa na jembe. Mwai Kibaki, kabla ya kuingia Mang'u, alisoma katika shule ya misheni ya Mathari, Nyeri. Huko wanafunzi walijilimia chakula chao, wakajifunza useremala na uashi, na kutengeneza wenyewe madawati yaliyovunjika. Alisoma Mang'u kuanzia 1947 hadi 1950, akaendelea Makerere, na mwaka 2002 akachaguliwa kuwa Rais wa tatu wa Kenya. Marehemu Kadinali Maurice Otunga, Mkenya wa kwanza kuwa kadinali, naye alipitia shule hiyohiyo.

Kwetu sisi wanakwaya, kuna jambo jingine. Misa ya siku zile ilikuwa kwa Kilatini. Kijana aliyetoka kijijini alijifunza Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus na Agnus Dei kabla hajaelewa vizuri maana ya kila neno, na alijifunza kwa sikio, akiimba pamoja na wenzake. Kisha Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati yake kuhusu Liturujia tarehe 4 Desemba 1963, na mlango wa lugha zetu ukafunguliwa. Nyimbo mpya za Kiswahili zilihitaji watu wanaoweza kusoma do-re-mi, kugawa sauti nne na kumfundisha asiyejua. Watu hao walitoka wapi? Wengi walitoka katika shule na seminari za misheni. Walirudi parokiani wakati wa likizo wakiwa na daftari la nyimbo kwapani, wakawa walimu wa kwaya bila mshahara. Tunapoimba leo kwa sauti nne, tunavuna shamba walilolima wao.

Lakini historia hii ina upande wa uchungu. Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge karibu na Kilimambogo, ambako baba yake alikuwa mnyapara. Alianza masomo Kabaa, akaendelea Yala, na mwaka 1946 akaingia Mang'u. Alikuwa na akili na ulimi mwepesi. Alichokosa ni fedha. Uwezo wa nyumbani haukutosha kumfikisha kwenye mtihani wa mwisho wa Cambridge. Akaiacha shule, na mwaka 1948 akaanza mafunzo ya ukaguzi wa afya Nairobi.

Kijana huyo aliyekwama kwa karo hakusahau. Mwaka 1959, akiwa kiongozi wa wafanyakazi, yeye na marafiki zake wa Marekani walipanga ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 kwenda kusoma vyuo vikuu huko. Safari zilizofuata zilifikisha idadi yao karibu 800. Mmoja wa waliosafiri mwaka 1960 alikuwa binti aliyetoka tu Loreto Limuru, shule iliyoanzishwa na Masista wa Loreto mwaka 1936. Jina lake ni Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004.

Tunajiuliza: ni wangapi walioacha shule kama Mboya, lakini hawakupata njia nyingine? Majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Swali hili si la zamani tu. Kila mwaka, matokeo ya mtihani yakishatoka, tunawapigia makofi watoto wetu hapa kanisani. Wiki chache baadaye baadhi yao wako bwenini, na wengine bado wanakuja mazoezini Jumatano mchana, saa ambazo mwanafunzi angekuwa darasani. Hatuwaulizi kwa nini. Sote tunajua.

Wapendwa waumini, tulipoanza kupanga jubilei, maoni yalikuwa mengi. Wako waliotaka kinanda kipya, na kweli cha sasa kimechoka. Wako waliotaka sare mpya. Tulibishana kwa mikutano mitatu, kisha tukakubaliana: sare tulizo nazo zitafuliwa na kupigwa pasi, kinanda kitatengenezwa, na harambee ya leo itaanzisha mfuko wa karo kwa vijana wa kwaya na wa jumuiya zetu ndogo ndogo. Karo italipwa moja kwa moja shuleni, na hesabu itasomwa kanisani kila mwisho wa muhula.

Bahasha mtazikuta ndani ya kitabu hiki. Asiye na fedha anaweza kutoa gunia la mahindi, kwa kuwa shule nyingi huyapokea kama sehemu ya karo. Haba na haba hujaza kibaba.

Padri Witte alianza na wavulana wachache Kabaa. Nasi tutaanza na wale tunaoweza.