Punda Milia wa Laikipia katika Historia ya Vihisi Visivyo na Waya

Asili ya mitandao ya vihisi visivyo na waya hutafutwa kwa kawaida katika maabara za Marekani, wala si kosa. Walakini mwandishi wa historia ya elimu hiyo hana budi kufika Laikipia, katika nchi ya Kenya, kwa kuwa huko mashine zilipaswa kwanza kuifuata tabia ya mnyama.

Kihisi ni chombo kidogo kipimacho jambo, kama vile joto, mwendo au mahali. Na vihisi vingi vikipashana habari kwa redio huwa mtandao. Mwaka 2002 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Princeton, miongoni mwao Margaret Martonosi wa elimu ya kompyuta na Daniel Rubenstein wa elimu ya wanyama, walieleza mpango wao ulioitwa ZebraNet. Walitaka kujua punda milia waendako mchana na usiku.

Shida ilikuwa nguvu ya umeme. Redio ifikayo mbali humaliza betri upesi, na betri kubwa humlemea mnyama. Na mbugani hapakuwa na minara ya simu ya kutegemea. Basi kila mnyama aliyechaguliwa alikusudiwa kuvishwa ukanda shingoni wenye kompyuta ndogo, redio, na chombo cha kupokea ishara za setilaiti, vyote vikisaidiwa na nguvu ya jua. Punda wawili wakikaribiana, kanda zao hupeana habari, kila mmoja akachukua nakala ya mwenziwe. Mtafiti apitaye na gari huweza kupata kwa mmoja habari za wengi. Na ukanda mmoja ukiharibika, habari zake hazipotei zote.

Lakini apewe nani? Njia mbili zilipimwa: kumpa kila akutanaye naye, au kumpa yule tu ambaye zamani alizoea kumkaribia mtafiti. Ya kwanza hueneza habari sana, bali hula nguvu nyingi. Ya pili huweka akiba. Tena punda milia wa nyikani huishi kwa jamaa ndogo, dume mmoja na majike wake na watoto. Hivyo ukanda mmoja waonyesha njia ya jamaa nzima. Elimu hii haikutoka katika kompyuta. Januari 2004 punda wa kwanza walivishwa kanda hizo huko Kenya.

Leo mitandao ya namna hii huwekwa chini ya jina pana la mifumo ya saiba na maumbile, lililoenea Marekani tangu mwaka 2006. Asili ya neno saiba ni neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani, ambalo Norbert Wiener aliundia jina la elimu yake katika kitabu cha mwaka 1948. Yatupasa kulipokea jina hilo kwa hadhari, kwa maana laweza kumfanya msomaji adhani kuwa kompyuta ndiyo iongozayo daima. Huko Laikipia usukani ulishikwa na punda milia.