Ugonjwa Uliopata Jina Wakati wa Vita

Mgeni akipiga hodi usiku, swali letu la kwanza ni "Nani?" Hatumwulizi kwanza ana haja gani. Akishajitaja, yeye na ukoo wake, hofu hupungua nyumbani, hata kama shida aliyokuja nayo ni nzito. Nadhani ndivyo tulivyo mbele ya maradhi pia. Mtu aliyeambiwa kuwa ana malaria anaumwa, lakini anajua anaumwa nini, na ndugu zake wanajua la kufanya. Yule anayeambiwa kuwa ugonjwa wake haueleweki hubeba mizigo miwili: maumivu yenyewe, na upweke wa kuumwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia.

Kwa sababu hiyo, msomaji, nataka tutazame historia ya ugonjwa mmoja adimu mno, ambao madaktari wengi hustaafu bila kumwona mgonjwa wake hata mmoja. Unaitwa ugonjwa wa Degos, au kwa jina kamili zaidi, ugonjwa wa Köhlmeier na Degos. Majina hayo mawili ni ya madaktari wawili wa miji miwili tofauti, na namna yalivyokuja kuunganishwa inatufundisha jambo juu ya kazi ya jina.

Ugonjwa huanzia kwenye ngozi, tena kwa upole wa kudanganya. Vipele vidogo vyekundu, vya milimita chache tu, hutokea kiwiliwilini na mikononi. Aghalabu haviumi. Baada ya siku kadhaa katikati ya kila kipele hudidimia na kuwa peupe kama kauri, huku ukingo wake ukibaki mwekundu. Mtu aweza kuvidhania kuwa ni alama za kuumwa na wadudu, akaendelea na shughuli zake.

Lakini chini ya kila doa jeupe pana mshipa mdogo wa ateri uliozibika. Utando wa ndani wa mshipa huvimba, njia ya damu hupungua, kisha damu huganda hapo. Mkulima anayemwagilia shamba lake kwa mfereji ataelewa upesi: tope likiziba mfereji mdogo, kijishamba kinachotegemea maji ya mfereji ule hukauka peke yake, ilhali mashamba ya jirani yangali mabichi. Lile doa jeupe ni kijishamba kilichokauka.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Hapa anayeficha si mgonjwa, bali ni mwili wenyewe. Kwa baadhi ya wagonjwa, jambo lile lile linaloonekana kwenye ngozi hutokea pia kwenye utumbo, kwenye ubongo, au kwenye utando unaozunguka moyo na mapafu. Utumbo ukikosa damu hufa kipande kipande, na hatimaye hutoboka, uchafu ukamwagika tumboni. Kutoboka huko kwa utumbo ndiko kulikowaua wengi wa waliofariki kwa ugonjwa huu.

Maelezo ya kwanza yaliandikwa mwaka wa 1941 na Werner Köhlmeier wa Vienna. Mji huo wakati huo ulikuwa chini ya utawala wa Hitler, kwani Austria ilikuwa imemezwa na Ujerumani tangu Machi 1938. Köhlmeier alieleza vidonda vingi vya ngozi iliyokufa, na mishipa iliyoziba. Ila alipotafuta jina la kuviita, alichukua lililokuwapo tayari. Aliona kwamba alichokipata ni sura nyingine ya ugonjwa uliokwisha kujulikana, ule unaoziba mishipa ya miguu na mikono, hasa ya wavuta sigara, na ambao hujulikana kwa jina la Leo Buerger, daktari wa New York aliyeueleza mwaka wa 1908.

Haifai kumcheka Köhlmeier kwa hilo. Ugonjwa wa Buerger ulikuwa na mizizi katika mji wake, maana Felix von Winiwarter aliandika habari za mgonjwa wa namna hiyo huko huko Vienna mwaka wa 1879. Mtu aliyekuta mishipa imeziba katika mji ule alikuwa na kila sababu ya kulikumbuka jina lile. Sote hufanya hivyo. Tukikutana na kitu kigeni tunakitafutia mahali katika kabati la vitu tunavyovijua, na mara nyingi tunapatia. Hatari ni pale kabati linapofungwa kabla hatujakitazama kitu chenyewe vizuri.

Mwaka mmoja baadaye, 1942, Robert Degos wa Paris pamoja na wenzake wawili, Delort na Tricot, walieleza habari za mgonjwa mwenye vipele vya namna hiyo hiyo. Paris nayo ilikuwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani tangu Juni 1940. Degos ni mtu ambaye jina lake limefungamana na hospitali ya Saint-Louis, nami naona tabia ya hospitali ile inasaidia kueleza alichokifanya.

Saint-Louis ilianzishwa kwa amri ya Mfalme Henri wa Nne mwaka wa 1607, ikajengwa nje ya kuta za mji ili wagonjwa wa tauni watengwe na watu wengine. Tangu mwanzo wa karne ya 19 ikawa makao ya elimu ya maradhi ya ngozi. Kabla picha za rangi hazijaenea, madaktari wake walimwajiri Jules Baretta, fundi aliyekuwa akitengeneza matunda bandia, atengeneze kwa nta nakala za vidonda na vipele vya wagonjwa. Maelfu ya nakala hizo bado yamehifadhiwa pale. Ilikuwa nyumba ambamo vijana walizoezwa kutazama kwanza, tena kutazama sana, ndipo waseme.

Degos alitazama, akaona kwamba vipele hivi havifanani na ugonjwa wowote katika makabati yale. Hakuuweka chini ya jina la Buerger. Aliupa jina lake wenyewe, lililotaja tu kilichoonekana: vipele, magamba, na ngozi kunywea. Baadaye, ilipodhihirika jinsi ugonjwa unavyoweza kuua, aliongeza katika jina lile neno la Kifaransa lenye maana ya uovu, neno lile lile litumikalo kwa saratani, ingawa ugonjwa huu si saratani.

Jina lina faida, lakini pia lina uzito. Kwa miaka mingi, mtu aliyeambiwa kuwa ana ugonjwa huu alikuwa kama amesomewa hukumu. Lakini kadiri wagonjwa walivyozidi kuandikwa, ilionekana kwamba wako wanaobaki na vipele vya ngozi tu, wakaishi miaka mingi. Uchunguzi uliofanywa Ujerumani na kutangazwa mwaka wa 2014, uliowafuatilia wagonjwa 39, ulionyesha kuwa hao wa ngozi tu ndio wengi. Bila jina moja, nani angewakusanya watu 39 waliotawanyika, ili ajue hivyo?

Faida nyingine ilichelewa zaidi. Kwa miongo kadhaa madaktari walijaribu aspirini na dawa nyingine za kuzuia damu isigande, na mafanikio yalikuwa haba. Kisha huko New York, Cynthia Magro, mtaalamu wa kupima vipande vya mwili kwa darubini, aliona katika mishipa ya wagonjwa hawa mabaki ya protini za kinga ziitwazo komplimenti. Hizo ni askari wa mwili, lakini hapa walikuwa wakiishambulia mishipa ya mwili wao wenyewe. Ilikuwapo dawa ya kuwazuia askari hao, ekulizumabu, iliyokubaliwa Marekani mwaka wa 2007 kwa ajili ya ugonjwa mwingine wa damu. Mwaka wa 2009 mgonjwa wa Degos alipewa dawa hiyo kwa mara ya kwanza, na hali yake ikapata nafuu. Ilipoonekana kuwa haiwatoshi wote, daktari Lee Shapiro na wenzake waliongeza treprostinili, dawa ya kutanua mishipa iliyokuwa ikitumiwa kwa shinikizo la damu katika mapafu.

Si kwamba vita vimekwisha. Chanzo hasa cha ugonjwa hakijafahamika mpaka leo, dawa hizo ni ghali mno, na hazimwokoi kila mmoja. Hata hivyo, mtu ambaye zamani angeambiwa ajiandae kwa kifo, sasa kuna la kujaribu.

Leo vitabu huandika majina yote mawili, Köhlmeier na Degos, naye aliyetumia jina la kuazima hakufutwa. Naona ni haki. Katika miji iliyokuwa ikitawaliwa kwa bunduki, katika miaka ambayo watu walikuwa wakifa kwa mamilioni, madaktari hawa waliketi wakaandika kwa makini habari za mgonjwa mmoja mmoja, bila kujua nani angesoma wala lini. Kurasa zao chache zilisubiri miaka sitini na zaidi. Mgonjwa yule wa mwaka wa 2009 alikuwa na jina la kumpa daktari wake kwa sababu zilikuwa zimeandikwa.