Mlo wa pamoja (Geita)

Mlo wa pamoja ni desturi ya ndugu, majirani au waumini kula katika chombo kimoja. Kwa Wakristo wa Geita ni tendo la imani na pia njia ya kumfanya mgeni kuwa ndugu, jambo zito katika mkoa ambao dhahabu imewakusanya watu wa kila kabila.

Desturi yenyewe imeutangulia Ukristo. Katika kaya za Wasukuma, wanaume na wavulana walikusanyika jioni kwenye shikome, moto wa uani, na chakula kikaletwa hapo kutoka nyumba mbalimbali za kaya. Wavulana walijifunza hapo hadithi za ukoo na adabu ya kula: kunawa baada ya wakubwa, kutonyakua nyama, kumsogezea mgeni bakuli la mlenda au maziwa.

Ukristo ulipokuja uliikuta desturi hiyo. Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki, walifika Bukumbi, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1883. Africa Inland Mission, iliyozaa Kanisa la Africa Inland Tanzania (AICT), ilipokea kituo cha Nassa mwaka 1909. Jimbo Katoliki la Geita liliundwa mwaka 1984. Mlo mtakatifu wa kanisani Mkatoliki huuita Ekaristi, muumini wa AICT huuita Meza ya Bwana, na wote hurejea karamu ya mwisho ya Yesu na mitume wake. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu matajiri walishiba huku maskini wakibaki na njaa kwenye mkutano uleule. Karipio hilo linaihusu Geita moja kwa moja: mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, aliyepata mawe mazuri na kijana anayeponda mawe kwa kibarua husali kanisa moja.

Mlo wa pamoja huonekana zaidi kwenye jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele mwaka 1976. Waumini husali nyumba kwa nyumba, na mwenye nyumba akijaliwa huandaa chochote: chai na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), au ugali na dagaa wa Nkome. Kijana hushika jagi na beseni, akawamiminia maji wazee kwanza. Kisha watu huzunguka sinia. Tofauti na shikome, hapa mama naye hukaa, husoma Injili na kutoa neno, ingawa kazi ya jikoni bado humwelemea yeye. Hilo ni deni ambalo makanisa hayajalilipa.

Uzito wa desturi hii hujulikana msibani. Mchimbaji akifukiwa na kifusi mbali na kwao, wanajumuiya na wenzake wa kambini huchanga unga, maharage, kuni na nauli ya kusafirisha mwili. Akina mama hupika kwa zamu hadi matanga yaanuliwe, na anayekuja kuhani hupewa sahani, awe Mkristo, Mwislamu au mfuasi wa dini ya jadi.